Betri ya pili na betri ya tela kwenye safari ndefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanaotoka Arusha na Moshi kwenda kulala porini siku tatu na kuendelea, wakiwa na gari lenye betri mbili au wakivuta tela la kambi lenye friji, taa na pampu ya maji. Namba zote ni za mfumo wa volti 12, isipokuwa pale tulipotaja 24. Kabla ya kununua betri kubwa zaidi, nunua testa ya kupimia volti. Asiye na testa hubahatisha, na fundi wake hubahatisha kwa pesa yake.

Nimeendesha kutwa kutoka Arusha hadi Seronera, Serengeti. Mbona asubuhi friji imezima?

Ni kilomita 300 na ushee, injini imeunguruma saa saba au nane, alteneta imetoa volti 14 kama kawaida, lakini betri ya tela imepata matone tu. Mara nyingi umeme umepotelea njiani, kati ya boneti na tela.

Waya wa chaji unaopita kwenye plagi ya tela ya pini 7 kwa kawaida ni waya wa 2.5 (milimita za mraba 2.5) au mwembamba zaidi, kwa sababu plagi ile ni ya taa za breki na indiketa. Kutoka betri ya mbele hadi betri ya tela ni kama mita 8, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 16 za waya. Kwa waya wa 2.5, ampea 10 tu zinapoteza volti 1.1. Alteneta inatoa 14.2, betri ya tela inaonja 13.1. Kwa volti hizo betri ya maji (ya risasi na asidi, inayoongezwa maji) haijai hata ukiendesha mpaka Mwanza.

Sababu ya pili ni tabia ya betri yenyewe. Betri ya risasi na asidi humeza haraka ikiwa na njaa, kisha hupunguza mwendo kadiri inavyoshiba. Kutoka nusu hadi asilimia 80 inaweza kwenda kwa saa mbili au tatu. Asilimia 20 za mwisho zinataka saa tatu, nne au zaidi za volti 14.4, na chaja kubwa haiharakishi hapo. Anayezunguka kuangalia wanyama kwa muda wa saa mbili tu asubuhi na muda kama huo jioni hairudishi betri juu hata siku moja. Kila usiku inaanzia chini kidogo ya jana, na siku ya nne inagoma.

Pima hivi. Fanya asubuhi, betri ya tela ikiwa imeshuka. Ikiwa imejaa, ampea zinazopita ni chache na kosa linajificha.

1. Washa gari, mtu akanyage mpaka mizunguko 1,500, friji ikiwa inafanya kazi.
2. Pima betri ya mbele. Gusa vichwa vya risasi vyenyewe, si klampu. Utarajie kati ya 13.8 na 14.4.
3. Pima betri ya tela namna hiyohiyo. Tofauti ikizidi volti 0.5, kuna kazi ya kufanya.
4. Kujua ni upande gani, chukua waya wowote mrefu, hata mwembamba, uurefushie mguu mmoja wa testa. Gusa chanya ya mbele na chanya ya tela kwa pamoja: namba unayoona ndiyo inayopotea upande wa chanya. Rudia kwa hasi na hasi.
5. Kisha sogeza mguu hatua kwa hatua: kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, kabla ya plagi, baada ya plagi. Mahali namba inaporuka ndipo penye ugonjwa.

Ukifika hapo, fungua tepu nyeusi uangalie. Shaba yenye unga wa kijani, nyuzi tatu zilizobaki kati ya ishirini, au plagi ambayo plastiki yake imegeuka kahawia na kulainika upande mmoja: hiyo haisafishwi, inakatwa na kuwekwa mpya.

Upande wa hasi si unapita kwenye chasi na ndoano ya tela?

Kwa taa unapita, kwa kubahatisha. Kwa chaji, hapana. Kichwa cha kuvutia tela kina grisi, vumbi na kutu, na kinacheza kila ukipita shimo. Vuta waya wa hasi wenye unene sawasawa na wa chanya, kutoka betri hadi betri. Nusu ya matatizo ya tela lenye waya mnene wa chanya ni kwamba mtu alibania kwenye hasi.

Basi nitumie waya wa unene gani?

Kwa umbali uleule wa mita 8 na ampea 30: waya wa 6 unapoteza volti 1.4, wa 10 unapoteza 0.84, wa 16 unapoteza 0.53, wa 25 unapoteza 0.34. Ukichaji kwa rilei tu (swichi inayounganisha betri mbili yenyewe gari likichaji), weka wa 25. Ukiwa na chaja ya DC-DC ndani ya tela, wa 16 unatosha, kwa sababu chaja inapandisha volti yenyewe. Betri ya pili ikiwa ndani ya gari, mita 3 au 4 tu kutoka ya kwanza, wa 16 unatosha kwa njia zote mbili.

Usitumie waya wa nyumba wenye uzi mmoja au nyuzi chache nene. Mtetemo unaukata ndani ya ganda na kwa nje unaonekana mzima. Waya wa mashine ya kulehemu ni laini, una nyuzi nyingi nyembamba, na unapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Upitishe ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo, mbali na ekzosi, na ufunge kila sentimita 30. Kabla ya kulipa, kwangua ncha kwa kisu. Ikitoka nyeupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa, na hesabu zote za juu hazifai.

Fyuzi ni mbili, moja karibu na kila betri, ndani ya sentimita 20 kutoka kichwa cha chanya. Mafundi wengi huweka moja ya mbele tu. Lakini betri ya tela nayo ina umeme wa kutosha kuyeyusha waya ukisuguka kwenye chasi, na fyuzi ya mbele haitauzuia moto unaotoka nyuma. Kwa waya wa 16, fyuzi ya ampea 50 au 60. Kwa kuunganisha gari na tela, plagi ya Anderson ya ampea 50 (plagi nene ya pini mbili, ya umeme mkubwa) ndiyo inayovumilia. Inunuliwe na kifuniko chake cha mpira, maana vumbi la njia ya Natron linaingia kila mahali.

Friji, taa na simu zinakula kiasi gani kwa siku?

Huu ni mfano wa watu wanne kambini Seronera. Friji ya kompresa ya lita 45 inavuta ampea 4 ikiwa imewaka, na kwa joto la mchana na ubaridi wa usiku inafanya kazi kama asilimia 40 ya saa 24: ampea-saa 38 (yaani ampea mara saa). Taa nne za LED za wati 5 kwa saa nne: 7. Simu sita: 8. Kompyuta au chaja ya kamera kupitia inverta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), wati 60 kwa saa mbili: 11 au 12, kwa sababu inverta nayo inakula njiani. Pampu ya maji: 1. Jumla ni kama ampea-saa 65.

Betri ya ampea-saa 100 ya asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unayo 50 ya kutumia. Siku moja bila kuendesha na bila jua haitoshi. Wengi wanaodhani betri yao ni mbovu hawajawahi kuandika hesabu hii.

Upunguzaji rahisi uko kwenye friji. Igandishe nyumbani kwa umeme wa kawaida usiku wa kuamkia safari, vinywaji viwe vya baridi tayari, nyama iwe imeganda. Kreti ya soda za moto ikiingizwa mchana Mto wa Mbu inaifanya friji iwake bila kupumzika mpaka jioni. Pia acha sentimita 10 za nafasi mbele ya matundu ya kupumulia. Ukiyazibia kwa mahema na magodoro, hesabu ya asilimia 40 inakuwa 70.

N70 ya kawaida haitoshi kuwa betri ya pili?

Itafanya kazi miezi michache. N70 za kuwashia gari zina bamba nyingi nyembamba, za kutoa umeme mkubwa kwa sekunde chache. Ukizishusha nusu kila usiku, zinachoka haraka. Omba betri ya sola, yaani ile ya kushuka na kupanda, ya ampea-saa 100. Kama bajeti inabana na kilichopo ni betri ya gari, ishushe robo tu, isishuke chini ya 12.4 asubuhi.

Na jambo moja la kutuliza madereva: kuwasha injini mara nyingi kwenye mzunguko wa wanyama hakumalizi betri. Staata ya dizeli ikivuta ampea 250 kwa sekunde 3 inatumia ampea-saa 0.2 tu. Kinachomaliza ni redio, chaja na friji zilizoachwa kwenye betri ya mbele huku injini imezimwa saa nzima mbele ya simba.

Rilei au chaja ya DC-DC?

Rilei ya kutenganisha betri inaunganisha betri mbili gari likiwa linachaji (kwa kawaida ikiona 13.3 hivi) na kuzitenganisha volti ikishuka karibu 12.8, ili friji isimalize betri ya kuwashia. Ni rahisi, ina vichache vya kuharibika, na kwenye Land Cruiser zenye injini ya 1HZ ambazo alteneta yake inatoa volti 14 bila kuyumba, inatosha kabisa ikiwa waya ni mnene na betri zote ni za asidi. Ikianza kugonga ta-ta-ta gari likiwa limewaka, waya ni mwembamba: inajiunga, volti inashuka kwa mzigo, inaachia, inajiunga tena.

Wapo wanaofunga soleno ya staata mahali pa rilei kwa sababu ni bei nafuu. Ile imetengenezwa kuvumilia sekunde, si saa. Inapata moto, inaungua koili, au inagandana ikiwa imefunga na betri zote mbili zinaisha pamoja.

Chaja ya DC-DC inahitajika pale penye lithiamu, penye gari jipya ambalo kompyuta yake inashusha volti ya alteneta likiwa barabarani, au penye tela lenye waya mrefu. Inachukua volti yoyote inayofika na kuipandisha hadi 14.4 inayotakiwa. Kwa betri moja ya maji ya 100, chaja ya ampea 20 au 25 inafaa. Kumbuka inavuta zaidi ya inachotoa: ampea 25 nje ni karibu 31 ndani. Ifunge karibu na betri inayochajiwa, mahali penye hewa. Ikipata moto inapunguza nguvu yenyewe na utadhani imeharibika. Kama gari ni la kompyuta, unganisha pia ule waya mwembamba wa chaja unaokwenda kwenye swichi ya kuwashia gari, vinginevyo itakuwa inawaka na kuzima.

Sola ya wati ngapi inatosha?

Kwa mzigo wa ampea-saa 65, paneli mbili za wati 100 pamoja na kuendesha kidogo kila siku. Paneli moja ya 100 iliyolala bapa juu ya tela, siku ya jua zuri, inarudisha ampea-saa 25 hadi 30. Si zaidi, hata lebo ikisema nini. Juni na Julai, Arusha ikiwa imefunikwa na wingu mpaka saa tano asubuhi, au ukilala ukingo wa Ngorongoro kwenye ukungu, hesabu nusu yake au chini.

Wengi huegesha tela chini ya mgunga ili friji isipate joto, halafu wanashangaa sola haichaji. Tawi moja likivuka paneli linaweza kukata zaidi ya nusu ya umeme wake, kwa sababu seli zimeungwa kwa mfululizo na ile iliyofunikwa inabania wenzake. Suluhisho ni paneli ya kubebeka yenye waya wa mita 6 hadi 10, wa milimita 6 za mraba: tela linakaa kivulini, paneli inakaa juani, na mtu anaigeuza mara mbili tatu kwa siku. Kwenye gari lenye paa la kuinuka, usifunge paneli juu ya paa lenyewe. Inatikisika kila mara na waya unakatika kwenye bawaba.

Paneli za kufunga ziachiwe sentimita 3 za hewa chini, maana paneli yenye moto inatoa kidogo. Zipanguswe kwa kitambaa chenye maji asubuhi, zikiwa bado baridi.

Kuhusu kontrola (kifaa kinachodhibiti chaji kati ya paneli na betri), kosa la kawaida mjini ni kununua paneli ya nyumba ya wati 250 na kontrola ya PWM. Paneli ile inatoa ampea 8 kwa volti 30. PWM inachukua zile ampea 8 na kuzishusha kwenye volti ya betri, hivyo unapata kama wati 105 na nyingine zote zimepotea. Paneli hiyo inataka kontrola ya MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. Na jihadhari na boksi jepesi lililoandikwa MPPT: ya kweli ni nzito mkononi kwa sababu ya koili na bati la kupoza. Wakati wa kufunga, unganisha betri kwanza na kontrola, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli itoke kwanza.

Nikiliacha gari sailensa (injini inaunguruma bila kukanyagwa) kambini kwa saa moja, betri itajaa?

Haitajaa. Kwenye sailensa alteneta inatoa sehemu tu ya uwezo wake, na sehemu ya hiyo inaliwa na gari lenyewe. Utachoma karibu lita moja ya dizeli, utawakera majirani wa kambi, na betri itapata pengine ampea-saa 10 au 15. Inafaa kama dharura ya kuiokoa nyama usiku mmoja.

Nitajuaje betri imebaki kiasi gani?

Kwa betri ya asidi iliyopumzika bila mzigo na bila chaji kwa saa chache: 12.7 imejaa, 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo, 11.8 imekwisha. Porini ni vigumu kuipumzisha saa nne, kwa hiyo pima alfajiri kabla ya kuwasha gari, friji ikiwa imezimwa nusu saa. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini utaona 13 na kujidanganya. Hiyo ni chaji ya juujuu ambayo inaondoka kwa dakika chache za taa.

Betri ya maji inapimwa vizuri zaidi kwa haidromita, kipimo cha uzito wa asidi. Seli zote sita zisome karibu 1.265 ikiwa imejaa. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa 0.050 hata baada ya chaji ya usiku kucha, seli hiyo imekufa, na betri nzima imekwisha.

Friji inakata, lakini testa inasema betri ina 12.4. Nani muongo?

Hakuna muongo. Friji inapima volti inayofika kwake, si iliyopo kwenye betri. Ikiwa imechomekwa kwenye soketi ya kiberiti cha sigara yenye waya mwembamba, wakati kompresa inaanza volti inashuka mpaka 11.5 na friji inajizima kulinda betri. Inapumzika, inajaribu tena, inakata tena. Usiku mzima.

Vuta waya wa 6 kutoka betri ya pili moja kwa moja, fyuzi ya ampea 15, na soketi inayojifunga kwa kuzungusha. Ile ya kiberiti inajitoa yenyewe kwenye barabara yenye mawimbi kama bati, na dereva anagundua jioni kwenye harufu.

Friji nyingi zina ngazi tatu za kukata. Ikiwa inatumia betri ya kuwashia gari, weka ngazi ya juu kabisa. Kwenye betri ya pili ya asidi, weka pia ya juu kama waya ni mzuri. Ukishusha ngazi ili friji isikate, unanunua usiku mmoja kwa maisha ya betri.

Nati na klampu zinalegea kila safari. Nifanyeje?

Lami inaishia geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, na kutoka hapo mtetemo ndio muuaji mkubwa wa betri kuliko joto. Unaangua unga wa bamba, unalundikana chini ya seli, unagusanisha bamba mbili, na betri iliyokuwa nzima asubuhi inakuwa na volti 10.5 jioni. Ukiona 10.5 inayogoma kupanda, ni seli moja imekufa. Hakuna chaja ya kuifufua.

Weka mpira wa unene wa milimita 5 hadi 10 chini ya betri, upau wa chuma juu yake, na fimbo mbili za nati zilizoshika chasi au sakafu, si bati la bodi. Nati ziwe za kujifunga zenye plastiki ndani. Betri isisogee hata ukiisukuma kwa mkono wote. Waya mnene ufungwe sentimita 15 kutoka kwenye kichwa cha betri, la sivyo uzito wake ndio unaozungusha klampu. Baada ya kilomita 50 za kwanza za vumbi, simama na spana namba 10 na 12 ukague. Baada ya hapo, kila jioni kwa kugusa tu: klampu yenye moto kuliko mwenzake imelegea.

Betri ya maji ndani ya tela iwe kwenye boksi lenye bomba la kutoa hewa nje, mbali na mtungi wa gesi na mahali pa kulala. Ikichaji inatoa haidrojeni, ambayo inalipuka kwa cheche ndogo.

Naweza kuongeza maji ya bomba?

Hapana, na kuchemsha hakusaidii; mvuke ukitoka, madini yote yanabaki kwenye maji sufuriani, na hayo ndiyo yanayoharibu bamba. Maji ya huku kwetu yanajulikana kwa floraidi mpaka kwenye meno ya watoto, na hayako peke yake humo ndani. Maji ya mvua kutoka bati nayo yanabeba zinki. Tumia maji ya betri yaliyosafishwa, na si asidi: kinachopungua kwenye betri ni maji tu, asidi inabaki. Kama bamba zimeonekana, ongeza kiasi cha kuzifunika, chaji, kisha ndipo ujaze mpaka alama. Ukijaza kabla ya chaji, yatapanda na kumwagika. Safari ya wiki, beba lita moja.

Gari langu ni la volti 24. Naweza kuchukua 12 kutoka betri moja?

Coaster nyingi, malori, na baadhi ya Land Cruiser zilizotoka Japani zina betri mbili kwa mfululizo. Kuchukua umeme wa redio au friji kwenye betri moja ndiko kunakoua zote mbili: ile unayoitumia haijai, mwenzake inapata volti nyingi kupita kiasi na kuchemka maji. Ndani ya miezi michache unanunua mbili. Nunua kifaa cha kushusha 24 hadi 12, au chaja ya DC-DC yenye ingizo la 24 inayochaji betri ya tela. Na usiunganishe rilei ya kawaida kati ya gari la 24 na tela la 12 hata kwa majaribio.

Lithiamu inafaa huku?

Inafaa, na kwa anayelala porini mara nyingi inalipa. Ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 11 hadi 13, wakati ya asidi ni karibu 30, na unatumia 80 au 90 badala ya 50. Inameza chaji kwa kasi ileile mpaka karibu na mwisho, hivyo saa mbili za mzunguko wa asubuhi zinarudisha usiku mzima.

Lakini usiiunganishe moja kwa moja na alteneta. Inavuta ampea zote zilizopo, na alteneta inayolazimishwa kutoa mwisho wake polepole, kwenye joto, ikipanda ukingo wa Ngorongoro kwa gia ya pili, inaungua. Chaja ya DC-DC ndiyo breki yake. Testa pia haikuambii kitu: inasoma 13.2 ikiwa na robo tatu na 13.1 ikiwa na nusu. Funga kifaa chenye shanti kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Betri ya lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi 0, jambo ambalo kwenye njia za kawaida za kaskazini ni nadra kukukuta.

Nikilala Karatu penye umeme, nichaji vipi?

Chaja ya ampea 10 au 20 yenye hatua, iwekwe mara tu ufikapo, si baada ya chakula cha jioni. Betri ya 100 iliyoshuka nusu inataka saa 8 hadi 10 kujaa kweli. Chaja ya ampea 20 inavuta chini ya ampea 2 ukutani, kwa hiyo ekstensheni yoyote nzima inatosha.

Kabla ya kununua chaja, uliza swali moja dukani: umeme ukikatika na kurudi, inaendelea yenyewe? Nyingine zinasubiri mtu abonyeze kitufe. TANESCO wakikata saa nne usiku na kurudisha saa nne na nusu, utaamka na betri ileile uliyolala nayo.

Betri ya gari imekufa porini. Naweza kubusti kwa betri ya tela?

Ndiyo, kama zote ni 12 na waya wa kubusti ni mnene. Nyekundu kwenye chanya ya iliyokufa, kisha chanya ya nzima. Nyeusi kwenye hasi ya nzima, kisha mwisho kabisa kwenye chuma cha injini, mbali na betri, kwa sababu ya ile haidrojeni. Subiri dakika 5 hadi 10 ndipo uwashe. Usiwashe kupitia plagi ya Anderson ya ampea 50 na waya wa 16, fyuzi itakatika. Ila ukiunganisha kwa plagi hiyo na kungoja nusu saa bila kuwasha, betri ya mbele inaweza kupata kiasi cha kutosha.

Masika tela linalala miezi mitatu. Nifanye nini?

Chaji mpaka ijae kabisa, kisha toa waya wa hasi. Usitegemee swichi: soketi ya USB yenye taa ya bluu na kengele ya gesi zikivuta pamoja miliampea 50 tu, kwa mwezi ni ampea-saa 36. Betri ya asidi iliyoachwa nusu inaota ugumu kwenye bamba, na ikifikia hapo hairudi ilivyokuwa. Chaji tena kila wiki sita, au acha paneli ya wati 20 na kontrola yake ikiichezea taratibu. Betri ya lithiamu ni kinyume: iache ikiwa na nusu hivi, mahali pa kivuli.